Ukurasa Usiokuhusu

4 Februari

Mdogo wangu Zege,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Mapacha na kwa mapacha wenyewe. Ningepiga simu, lakini wewe ukisikia neno damu kwenye simu mtandao hukatika, na hukatika upande wako tu. Kwa hiyo narudi kwenye sheria ya marehemu baba: la kusalimiana lisemwe, la maana liandikwe.

La leo ni la maana, na ni zuri. Tafuta pa kukaa.

Kazi ya ofisi yetu unaijua. Kila mtu nchini anayeonekana na saratani ya damu tunamfuatilia, awe amelazwa hospitali kubwa au anatibiwa zahanati ya pembeni, awe na bima au hana. Ndiyo maana kila mwaka unapata ile barua rasmi inayouliza kama mhusika bado yuko hai, na ndiyo maana mwaka jana uliwajibu "muulizeni mke wangu". Miwani, mwenzangu wa meza ya pili ambaye ndiye anayeshika jalada lako, alilibandika jibu hilo ukutani. Mimi jalada lako siruhusiwi kuligusa kwa kuwa ni ndugu yako, ila kucheka niliruhusiwa.

Sasa tumemaliza kuhesabu miaka thelathini. Zamani, majalada ya watu wenye ugonjwa kama wako, huu wa polepole, yalikuwa yanafungwa mapema mno. Nilipoanza kazi nilikuwa nayafunga mimi mwenyewe, mengi ya vijana. Kisha kikaja hiki kidonge chako. Dawa za zamani zilikuwa zinapiga kila zinachokikuta, chembe mbaya na nzuri pamoja. Hiki kinamtafuta mkorofi mmoja na kumshika yeye tu. Tangu kiingie, mstari wetu wa wanaobaki hai, uliokuwa unaporomoka, umenyooka.

Nisikilize vizuri: watu wa rika lako wenye ugonjwa wako sasa wanaishi karibu sawa na majirani zao wasio nao. Na si wagonjwa wachache waliochaguliwa na madaktari kwa utafiti, ni watu wote, wa mjini na wa mashambani. Nilipoiona picha ya mstari huo nililia palepale mezani. Bosi akadhani nimepata taarifa ya msiba, akaniletea kiti wakati tayari nimekaa.

Upo na ukurasa mwingine, wa wazee sana na wa wanaorukaruka dozi. Wao mstari wao hauko hivyo. Lakini huo haukuhusu. Wewe hujazeeka, na mtu anayepima ukuta mara tatu kabla ya kuweka tofali hawezi kusahau kidonge.

Vipi ile misuli inayokukaza usiku? Uliniahidi utamwambia daktari.

Dada yako

*

19 Februari

Dada Hesabu,

Shikamoo. Barua imefika, na imesomwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Nimewasomea mafundi wote wakati wa chakula. Fundi umeme, ambaye hana ugonjwa wowote isipokuwa uvivu, alisema kama ndivyo basi na yeye apewe kidonge. Nikamwambia akae foleni.

Nimepewa kuwa msimamizi wa jengo jipya la soko, ghorofa tatu. Slabu ya kwanza tumeimwaga juzi, na imetulia vizuri mno, ungeiona ungetaka kulala juu yake. Huku kila mtu ananiita Mzee wa Zege, na mimi naitikia kana kwamba nilibatizwa hivyo.

Misuli bado. Siku hizi haisubiri usiku. Juzi mguu ulinikaza nikiwa juu ya jukwaa, ukawa kama wa mtu mwingine. Yalipita. Usimwambie Mama Mapacha.

Nakuuliza swali moja tu, kwa kuwa wewe ndiye msomi wa ukoo. Uliposema sawa na majirani zao, ni sawa kweli, au ni maneno ya kumfariji mgonjwa? Nimeanza kufikiria jambo. Likiiva nitakwambia.

Mdogo wako,
Zege

*

8 Machi

Zege,

Nakuandikia haraka, Bosi ananisubiri kwenda kuwaeleza wakubwa hesabu zetu. Ndiyo, ni kweli, si faraja. Karibu sawa kabisa. Lala usingizi wako.

Na jambo lako likiiva nipakulie.

Dada

*

30 Mei

Dada Hesabu,

Shikamoo. Hujambo na majalada yako?

Huku ni neema. Tumeshamwaga slabu ya pili. Mguu umetulia, sijakazwa hata mara moja tangu mwezi wa tatu. Uso wangu nao umerudi, yale macho yaliyokuwa yanavimba asubuhi kama ya mtu aliyenyimwa usingizi yameisha. Jumapili nilikimbizana na mapacha mpaka wao ndio wakaomba kupumzika.

Kwenye ile kadi uliyonitumia mwezi uliopita umeniuliza kuhusu vidonge. Vidonge vipo kabatini palepale, usihofu.

Zege

*

11 Agosti

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu. Najua mwenye kukuandikia hapa nyumbani ni ndugu yako, lakini leo nimeona na mimi nishike kalamu nikushukuru kwa mkono wangu.

Ile barua yako ya mwezi wa pili ndiyo iliyoleta furaha ndani ya nyumba hii. Alipokwenda kliniki nayo, akarudi akaniambia daktari ameisoma na kusema basi, watu kama wewe ni wazima, vidonge wekeni kabatini. Wifi, miaka yote hii nimekuwa nikimwamsha kumeza. Siku ile nililala nikiwa sina kazi, nikajiona kama nimestaafu. Tangu wakati huo amekuwa mtu mpya. Hachoki, hakazwi, anaimba bafuni, na sauti yake unaijua, majirani wanavumilia.

Siku za karibuni tu ndiyo amepungua kidogo. Mkanda anaukaza tundu moja zaidi. Na usiku anatokwa na jasho, mpaka nabadilisha shuka. Yeye anasema ni jua la juu ya slabu linamtoka mwilini kwa awamu. Chakula nacho analalamika anashiba upesi. Nimeona nikuulize wewe uliye karibu na madaktari, mtu akishaachishwa dawa, mwili huwa unajirekebisha hivyo?

Washukuru wenzako wa ofisini kwa niaba yetu.

Wifi yako,
Mama Mapacha

*

16 Agosti

Zege,

Daktari gani?

Nimekupigia mara nne. Ya kwanza ulisema "Dada, shikamoo," nikasema "Nimepata barua ya mkeo," mtandao ukakatika. Nyingine tatu hukupokea. Sasa utanisoma, maana karatasi huwezi kuikata.

Hakuna daktari aliyekwambia uache. Kama yupo, niandikie jina lake nimfuate mwenyewe. Uliacha mwezi wa tatu. Ni mwezi ule niliokujibu nikiwa nimesimama mlangoni, begi begani. Nimeitafuta nakala ya ile barua ya kwanza kichwani mwangu, neno kwa neno, na nimeona nilichokifanya. Nilikwambia watu kama wewe wanaishi karibu sawa na majirani. Sikukwambia wanaishi hivyo kwa sababu wanameza. Kwangu ni jambo lililo wazi kama mchana, ndiyo maana sikuliandika. Usione vyaelea, vimeundwa: mstari ule umenyooka kwa sababu maelfu ya watu kila asubuhi wanakunywa maji na kidonge, wakiwa wamechoka, macho yamevimba na miguu imekaza. Wakiacha, mstari unarudi chini.

Kidonge hakiung'oi ugonjwa, Zege. Ndani ya damu yako kuna swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Kidonge ni kidole kinachoizima na kuendelea kuibana. Umeondoa kidole.

Jasho la usiku si la jua. Kesho asubuhi nenda ukatoe damu. Nina hasira na wewe, na ninaogopa, na siwezi kutenganisha kipi ni kipi.

Dada yako

*

27 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Umepiga kelele, nimesikia. Sasa na mimi niseme, na nisikatizwe.

Hukuwepo siku ile. Nilikwambia mguu ulikaza juu ya jukwaa na yakapita. Sikukwambia nilikuwa nimeshika nini. Nilikuwa nimeshika nondo, chuma kizima kirefu. Mguu ulipokaza mikono nayo ikaachia, nondo ikashuka kutoka juu ya jukwaa. Chini alikuwepo mama anayetuchotea maji ya kumwagilia zege. Ilichimba mchanga pembeni ya ndoo yake. Yeye aliinua macho akanitazama, akaendelea kujaza ndoo. Mimi nilishuka nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Ningemuua mtu kwa ajili ya kuponya damu yangu. Na nikisema kwa wenye kazi kwamba miguu yangu inakaza, nitateremshwa jukwaani, na mimi kazi nyingine siijui.

Barua yako ilifika wiki hiyohiyo.

Nikafikiri kama fundi. Slabu ikiwa mbichi unaishikilia kwa miti chini yake, msitu mzima wa miti, hata pa kupita huoni. Mtu asiyejua anadhani hiyo miti ndiyo jengo. Zege likishakomaa unaing'oa, na slabu inabaki pale juu peke yake, inabeba watu na meza na mizigo. Usipoing'oa hujajenga, umeegemeza. Mimi nimeegemezwa miaka tisa, Dada. Ukaniandikia kwamba watu wa namna yangu wako sawa na majirani. Nikaona siku ya kung'oa miti imefika. Na ilipong'olewa slabu haikuanguka. Nilipata miezi mitano ambayo mwili huu ulikuwa wangu.

Jasho litaisha. Nina kazi ya slabu ya tatu, tukishaimwaga nitakwenda hiyo kliniki.

Mama Mapacha namwambia mimi mwenyewe, kwa wakati wangu. Ukinitangulia, usiniandikie tena. Hilo si utani.

Zege

*

5 Septemba

Mdogo wangu,

Kuhusu ile nondo sina la kukulaumu. Ningekuwa mimi ningetapika pia. Lakini kukazwa misuli kuna njia zake. Daktari anaweza kupunguza dozi, anaweza kukubadilishia kidonge kingine kinacholenga palepale. Sikwambii ya kutunga, kwenye majalada yetu wamo watu waliobadilishiwa na sasa wanapanda milima. Mwezi wa pili nilikukumbusha ahadi yako ya kumwambia. Hukumwambia kwa sababu ulishaamua.

Sasa tuje kwenye miti yako, maana hiyo lugha ninaielewa kidogo, nilikuletea chakula kwenye majengo tangu ukiwa kibarua.

Siku moja ulinionyesha visanduku vidogo vya chuma mnavyojaza zege lilelile mnalomwaga juu. Nikakuuliza ni vya nini, ukanicheka. Ukasema ni vipande vya mfano, vinapelekwa maabara vikapondwe, na hakuna fundi mwenye akili anayegusa mti hata mmoja kabla majibu hayajarudi. Ukasema macho hayapimi zege. Slabu mbichi na iliyokomaa zote zinang'aa sawa.

Vipande vyako viko wapi, Zege? Kliniki hujakanyaga tangu uache. Umeng'oa kwa kutazama.

Wapo wanaoachishwa kidonge kweli, sitakuficha, maana kukuficha ndiko kulikotufikisha hapa. Ni wale ambao kwa miaka mfululizo kipimo kile cha ndani kabisa kimetafuta ugonjwa na kuukosa. Wanaacha mikononi mwa daktari, wanapimwa kila mwezi, na kinapoonekana chochote miti inarudishwa siku hiyohiyo. Na hata hao, karibu nusu yao ugonjwa unarudi. Hao ni walioachishwa kwa mpango. Wewe uko gizani na unaimba bafuni.

Nakungoja mpaka mwezi huu uishe. Ukipima, siri yako ni yako, mwambie mkeo utakapotaka. Usipopima, nitamwandikia. Na kama bei yake ni kutoandikiwa na wewe, nitalipa. Afadhali ndugu aliyenuna.

Dada yako

*

2 Oktoba

Wifi,

Kaa chini kabla ya kusoma, na kama mapacha wapo karibu watoke wakacheze.

Hakuna daktari aliyemwachisha Zege vidonge. Alijiachisha. Alisoma barua yangu akaelewa nusu ya ukweli, kwa sababu nusu ya pili mimi sikuiandika. Jasho lile, mkanda, kushiba upesi, vyote vinaweza kuwa dalili kwamba ugonjwa umerudi. Vinaweza pia visiwe. Anayejua ni daktari akishampima damu, na kila siku inayopita bila kumeza ina hatari yake.

Mpeleke. Mbembeleze, mtishie, mfungie nguo, vyovyote utakavyoweza. Vidonge vilivyo kabatini asianze mwenyewe tena kimyakimya, aende kwanza akapimwe.

Nimevunja neno lake kwa kukuandikia. Mwambie ni mimi.

Wifi yako

*

14 Oktoba

Wifi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, kwa kuwa sijawahi kupokea habari mbaya nikiwa nimekaa.

Nina hasira na nyie wote wawili. Nyie ndugu mmekuwa mkiandikiana mwaka mzima juu ya uhai wa mume wangu, mimi nikiwa chumba cha pili nafua shuka zenye jasho. Wewe ulijua tangu mwezi wa nane. Nilikuuliza swali, Wifi, nilikuuliza kwa mkono wangu, na hukunijibu. Ulimjibu yeye. Kwa hilo sijapoa bado.

Yeye naye sikumbembeleza. Nilimwekea vidonge vyote mezani wakati wa chakula, badala ya sahani. Akavitazama. Akaanza habari za slabu na miti. Nikamwambia, "Mimi si slabu wala si mti. Mimi ndiye ninayekaa chini yake." Akainuka akaenda kuvaa viatu.

Kliniki walimtoa damu chupa kadhaa. Daktari alimlaza akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, kwenye wengu. Alibonyeza, akasogeza mkono chini, akabonyeza tena, akasogeza tena. Nilikuwa nautazama ule mkono unavyoteremka. Daktari aliandika tu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikimwomba Mungu huyu wangu aumbuliwe na daktari tu.

Majibu yatatoka baada ya siku kadhaa. Ameapa hatakuandikia. Mimi nitakuandikia yakitoka.

Mama Mapacha

*

22 Novemba

Kwa Zege na kwa Mama Mapacha, yeyote atakayeifungua,

Hii ni barua yangu ya tatu tangu ile ya Wifi. Majibu yaliyosemwa yatatoka baada ya siku kadhaa, sasa ni zaidi ya mwezi. Simu ya Zege inaita mpaka inachoka. Ya Wifi haipatikani.

Siwaombi mnisamehe. Wifi, una haki yote, nilipaswa kukujibu wewe kwanza. Niliogopa kumkosa ndugu yangu nikasahau kwamba wewe ndiye wa kumkosa zaidi. Zege, nuna upendavyo.

Ila mjue ninavyoishi. Taarifa za hospitali zinaletwa ofisini kila Ijumaa, zinapokewa na Miwani. Za kwako sitakiwi kuziona, na Miwani ni mwaminifu, hanionyeshi. Basi kila Ijumaa mimi namtazama usoni anapozifungua. Akivua miwani kuifuta, nasimama. Akikohoa, nasimama. Juzi aliinuka akaja upande wangu, nikasimama tena, kumbe anaomba pini ya kubania karatasi. Nimemwomba Bosi waongeze swali moja kwenye barua ya mwaka huu. Wamekubali. Ndicho nilichoweza kufanya.

Neno moja linanitosha. Hata mkiandika juu ya kipande cha mfuko wa saruji.

Dada

*

3 Desemba

Ofisi ya Ufuatiliaji wa Wagonjwa wa Saratani

Kwa mhusika au ndugu wa karibu,

Kama ilivyo kawaida kila mwaka, ofisi hii inaomba taarifa za mgonjwa aliyesajiliwa katika kaya yenu. Majibu ni siri na hutumika kuelewa jinsi matibabu yanavyowasaidia wananchi wote. Tafadhali jibu maswali yafuatayo kwa ukweli. Ikiwa mhusika hawezi kujibu au hayupo tena, ndugu wa karibu ajibu kwa niaba yake.

1. Je, mhusika bado yuko hai?

2. Je, bado anatumia dawa aliyoandikiwa?

3. (Swali jipya) Je, mhusika amewahi kuacha dawa bila ya ushauri wa daktari kwa zaidi ya mwezi mmoja? Ikiwa ndiyo, kwa sababu gani?

Ahsante kwa ushirikiano wenu.

Mfuatiliaji Msaidizi,
kwa niaba ya Mkuu wa Ofisi

*

17 Desemba

Ndugu Miwani,

Hujambo. Hatujuani kwa sura, lakini najua ulibandika maneno yangu ukutani, kwa hiyo sisi ni marafiki.

Kwanza, anwani juu ya bahasha ameandika mke wangu, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na saruji mbichi na alikuwa anawahi posta. Kwenye meza ya jirani yako yupo dada mmoja anayeujua mwandiko huo. Tafadhali mwambie asisimame. Najua haruhusiwi kufungua jalada langu. Basi wewe soma, kisha mpe barua hii kama barua ya ndugu, akiwa amekaa vizuri.

Swali la kwanza. Yuko hai. Mke wangu nimemuuliza na yeye amethibitisha.

Swali la pili. Ndiyo. Ugonjwa ulikuwa umerudi, chembe nyeupe zimejaa na wengu umevimba, ila daktari alisema tumeudaka ukiwa bado ule wa polepole, haujageuka kuwa mkali. Tungekawia, asingeahidi hivyo. Nimebadilishiwa kidonge. Kinalenga palepale, na mguu haukazi, isipokuwa siku mojamoja. Kwa wenye kazi nimesema ukweli. Walinishusha jukwaani, nikawa nasimamia kutoka chini. Wiki iliyopita walinirudisha mpaka ghorofa ya kwanza, na kila anayepita na nondo chini yangu namsalimu.

Kwa nini sikuandika muda wote huu: mwanzoni ilikuwa hasira. Halafu ikawa woga. Nilimkataza mke wangu asimwandikie mtu yeyote mpaka kipimo cha pili kitoke, kwa kuwa sikutaka kuandika neno ambalo baadaye ningelifuta. Kimetoka juzi. Damu ya kawaida imerudi mahali pake. Kile kipimo cha ndani bado hakijafika kilipokuwa zamani. Daktari anasema kinashuka, tusubiri. Mimi nasubiri vibaya, lakini nasubiri.

Swali la tatu, ambalo nahisi namjua aliyelitunga. Ndiyo, niliacha, kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa kumi. Sababu andikeni hivi: niliandikiwa kwamba watu kama mimi wanaishi karibu sawa na majirani zao. Ilikuwa kweli. Haikutajwa kwamba wanaishi hivyo kwa kumeza, na mimi sikuuliza mara ya pili kwa sababu jibu la kwanza lilinipendeza. Aliyeandika asijipige sana. Zege lilikuwa lake, kung'oa miti kulikuwa kwangu.

Sasa ombi. Nimeambiwa mnao ukurasa mmoja wa wanaorukaruka dozi. Mtu wa ofisi yenu aliniandikia kwamba ukurasa huo haunihusu. Niwekeni humo. Msiniweke na wale wa mstari ulionyooka, sijastahili, na mtu mwingine akisoma picha yenu anione nilipoporomokea. Barua ijayo mkimwandikia mgonjwa habari njema, huo ukurasa uwe wa kwanza.

Mwambie dada yangu shikamoo. Mwambie wifi yake bado amenuna kidogo lakini amemshonea kitu, atakiona akija. Na akipiga simu Jumapili nitapokea, hata akitaja damu.

Zege